Kuta Nne za Baba Metro

Verbova, Saskatchewan
Jumamosi, 5 Februari 1983

Mama mdogo mpendwa,

La, hatukugombana, wala hakuna mtu aliyeninyooshea mkono. Najua ulivyoisikia sauti yangu kwenye simu Jumapili, mara nikaaga kwa haraka, ukabaki huko na mawazo yako. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu jikoni akikata vitunguu, na nililotaka kukuambia halikusemeka mbele yake. Leo linasemeka. Tena yeye mwenyewe ndiye aliyenipa karatasi hii na kuniambia, "Mwandikie, usifiche kitu." Kwa hiyo kaa vizuri, maana na wewe umo ndani ya habari hii bila kujua.

Lakini kwanza, hujambo? Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Baba mdogo Yarema bado anapanda juu ya paa kuondoa theluji kama kijana, au umefanikiwa kumficha ngazi? Hapa kwetu wiki nzima imekuwa digrii thelathini na nane chini ya sifuri. Nguo ukizianika nje zinasimama zenyewe.

Mimi ni mzima, mzima kupita kiasi. Mama mdogo, sikujua kwamba mtu anaweza kuamka kila siku na furaha ileile ikiwa haijapoa. Nikifungua macho nikaliona shavu la Orest juu ya mto, na ile alama ya mshono wa foronya juu yake, najiambia: Lesia, huyu ni wako, kwa kiapo na kwa pete. Mume wangu. Ona, nimeliandika tena, na mkono bado haujalizoea.

Sasa nikueleze. Unajua kwamba baba mkwe, Baba Metro, alipigwa na kiharusi wiki nne tu baada ya harusi yetu. Upande wa kushoto umekufa, na maneno yamemtoka yote. Yuko hospitali kule Regina tangu Novemba, katika kiti cha magurudumu. Nyumba yetu unaikumbuka: ngazi tisa hadi mlangoni, na vyumba vya kulala vyote viko juu. Hospitali wakatuambia waziwazi. Kama hatutakuwa na chumba cha chini, chenye joto, chenye umeme wa kutosha kwa kitanda cha mota, na hati ya mkaguzi wa umeme iwafikie kabla ya Ijumaa tarehe 11 Februari, basi Baba Metro atapelekwa kwenye nyumba ya wazee huko kaskazini. Ni mwendo wa saa tano kwa gari. Mama mkwe hajui kuendesha. Wameishi pamoja miaka arobaini na moja.

Mama mkwe aliposikia hivyo hakulia. Alikwenda kufungua mlango wa gereji, akatazama ndani, akasema, "Toeni gari."

Gereji yenyewe Baba Metro aliijenga kwa mikono yake, imeshikana na nyumba upande wa kaskazini. Lakini ilijengwa kwa ajili ya gari, siyo binadamu: sakafu ya saruji, mabati nje, na nguzo zilizoachana kama meno ya kikongwe. Ukisimama ndani siku ya upepo unaona theluji ikipenya kama unga. Ilitubidi tujenge kuta mpya nne ndani ya zile za zamani, tuzijaze pamba ya kioo ya kuzuia baridi, tupitishe waya, tufunge. Wajenzi wenyewe: Orest, mimi, na Mjomba Nykola, kaka yake mama mkwe, aliyewahi kuwa fundi wa umeme mgodini na sasa ni fundi wa kusema.

Nikuambie ukweli, mwanzo ule ulikuwa wa raha kama fungate ya pili. Ukuta tunaujenga ukiwa umelala sakafuni, mbao ya chini na ya juu, nguzo katikati, kila moja inchi kumi na sita kutoka mwenzake, kisha tunauinua pamoja. Orest alinifundisha kushika nyundo mwishoni mwa mpini. Alinifundisha kutazama pima maji mpaka kile kipovu kitulie katikati, na mimi nilikuwa natazama kidole chake, siyo kipovu. Siku tuliyousimamisha ukuta wa kwanza alikuwa upande ule na mimi upande huu, akaingiza uso baina ya nguzo mbili akanibusu.

"Inchi kumi na sita!" Mjomba Nykola akapiga kelele kutoka mlangoni. "Nguzo na nguzo, siyo mdomo na mdomo!"

"Mjomba, umeingia bila kubisha."

"Nibishe nini, mwanangu, ukuta wenyewe hauna ukuta!"

Orest alitoboa nguzo kwa keekee, tundu katikati ya kila mbao ili msumari usije kufika, mimi nikawa napitisha waya kama uzi kwenye sindano. Umeme wa soketi na taa unazunguka kuta zote nne, boksi hadi boksi. Mkaguzi ni Bwana Haugen, Mnorwe mmoja mrefu asiyecheka, ambaye hupita huku kwetu kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi. Ni lazima aje mara mbili: kwanza kuona waya kabla kuta hazijafungwa, na tena mwishoni kujaribu kila kitu. Alikuja tarehe 20 Januari. Akamulika kila tundu kwa tochi, akavuta kila waya, akatia sahihi. Orest alinizungusha hewani mbele yake. Bwana Haugen akatazama kofia yake.

Kesho yake tukaanza kujaza pamba. Jihadhari na kitu hicho, mama mdogo, ni laini kwa macho lakini kinawasha kama upupu. Nilijikuna mpaka kanisani. Juu ya pamba inakuja nailoni, kisha ubao wa jasi, na hapo ukuta umefungwa.

Na hapa ndipo unapoingia wewe.

Unakumbuka kile kipande cha mkate wa harusi, ule uliouoka kwa mikono yako, wenye njiwa wawili wa unga? Uliniwekea mkononi ukaniambia nisikitupe kamwe, nikiweke pale nyumba yangu inapolala. Nilikuwa nimekikausha na kukifunga katika kile kitambaa cha marehemu mama, chenye jogoo wekundu. Nikafikiri: hapa kitalala kitanda cha baba mkwe, mtu aliyecheza ngoma harusini kwetu mpaka viatu vikaachia soli. Tumpe na yeye baraka ya harusi ile. Orest alikuwa nje akikata mbao. Nikasogeza pamba pembeni, nikauingiza mkate baina ya nguzo mbili, pale kichwa chake kitakapokuwa, kando kidogo ya waya. Nikaufunika kwa nailoni haraka. Dakika kumi baadaye Orest alipigilia ubao juu yake huku akipiga mluzi. Nilijiona kama nimeandika barua ya mapenzi ndani ya nyumba.

Sikumwambia. Nilitaka nimwambie siku Baba Metro atakapolala hapo usiku wa kwanza.

Tulipaka rangi ya maziwa. Mama mkwe akashona mapazia. Tukawasha hita, chumba kikawa na joto kama tumbo la tanuri. Halafu Jumamosi, tarehe 29, taa ikapepesa.

Tulidhani ni balbu. Jumapili asubuhi breka, ile swichi ya usalama kwenye sanduku la umeme, ikakata. Orest akairudisha, ikashika saa nzima, ikakata tena. Mjomba Nykola akaja na kipimo chake. Wakajaribu kipande kwa kipande, boksi hadi boksi: kila kipande kizima. Wakigeuka mgongo tu, tap! giza. Hitilafu ilikuwa kama mtoto mtundu, ukimtazama ametulia, ukiondoa jicho ameshavunja kikombe.

Siku hiyohiyo mchana nilikuwa nafagia chumba hicho. Chini ya ukuta wa kitanda, kwenye pembe, nikaona punje tatu nyeusi. Siyo punje za mchele. Unajua ninachosema, sote tumekulia shambani.

Panya. Mkate. Waya. Nikaona kila kitu kama kimechorwa: nimewaandalia panya karamu nyuma ya kichwa cha mgonjwa, na waya wa umeme ndio kitoweo. Unajua nilifanya nini, mama mdogo? Naona aibu kukuandikia. Nilizifuta zile punje kwa kidole changu, nikazitia mfukoni mwa aproni. Ndipo nikakupigia simu, na ndipo mama mkwe akaingia na vitunguu vyake.

Siku mbili zilizofuata sizitamani hata kwa adui. Alhamisi Bwana Haugen anakuja. Akikuta breka inakata hatatia sahihi, na safari yake nyingine ni tarehe 17, hospitali imeshafunga hesabu. Kila mtu nyumbani alijua hivyo na hakuna aliyelisema. Mama mkwe aliacha kuimba jikoni. Mapazia aliyoshona aliyakunja tena akayaweka juu ya meza.

Na Orest, mpenzi wangu, alijilaumu yeye. Alisema hakika alikaza kishikizo cha waya kupita kiasi mahali fulani, akauminya. Alikaa sakafuni chini ya soketi, mikono juu ya kichwa, akihesabu kwa sauti vishikizo vyote alivyopiga, ukuta kwa ukuta.

"Nilikuonya," Mjomba Nykola akamwambia. "Kishikizo unakikaza kama unavyofunga kamba ya kiatu cha mtoto. Wewe unapiga nyundo kama unaua nyoka."

"Mjomba, basi."

"Basi nini? Mtu anajenga jicho moja kwenye waya, jicho la pili kwa mke!"

Mama mkwe akasema kutoka mlangoni, taratibu, bila kunitazama, "Mwache, Nykola. Nyumba yenye bibi harusi haina fundi."

Maneno yale yalinichoma, na nilistahili kuchomwa, lakini kwa jambo jingine wasilolijua. Usoni nikatabasamu. Jumatatu hiyo Orest aliamua: Jumanne mchana atabomoa kuta zote nne, atafute kishikizo kibovu. Mbao za jasi za kufungia tena hatukuwa nazo, na barabara ya kwenda mjini ilikuwa imezibwa na theluji. Hata angeipata hitilafu, Alhamisi ingetukuta na magofu.

Nami nilijua ukuta ni upi. Au nilidhani najua. Ubao mmoja tu! Ilitakiwa nifungue mdomo, basi. Lakini kila nilipomtazama niliona jinsi anavyonitazama yeye, kama mimi ndiye kitu pekee ndani ya nyumba kisicho na kasoro, na ulimi ukanata. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nililirudia neno hilo moyoni siku nzima na bado nikanyamaza.

Jumanne tulikula mchana mapema, supu ya viazisukari vyekundu na vitumbua vya viazi vya mama mkwe. Orest akamaliza, akasukuma sahani, akachukua mtaimbo mdogo uliokuwa umeegemezwa mlangoni. Nilipoona vidole vyake vikikishika kile chuma nikasimama, kijiko kingali mkononi.

"Usibomoe zote. Ni ukuta wa kitanda. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliweka mkate humo. Mkate wa harusi. Kuna panya. Nimeona mavi yao Jumapili, nikayafuta."

Nilitaja na mahali, baina ya nguzo ya tatu na ya nne. Kisha nikaona uso wake. Mama mdogo, hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

"Tangu Jumapili," akasema. "Nimehesabu vishikizo mia na arobaini mbele yako, Lesia."

Alikwenda gereji. Sote tukamfuata, mama mkwe wa mwisho. Alikata ubao kwa msumeno mdogo, akaung'oa, akapasua nailoni, akaingiza mkono.

Mkate ulikuwa pale. Mzima! Mgumu kama tofali, njiwa mmoja tu amevunjika mdomo. Hapakuwa na alama ya jino hata moja, wala juu ya kitambaa, wala juu ya waya. Waya ulikuwa mweupe na safi kama siku tulipoupitisha. Ila pale nilipoisogeza pamba, nyuma ya kitambaa, barafu ilikuwa imeganda unene wa kidole. Orest akaibandua akanionyesha kwenye kiganja. "Machipuko yangefika," akasema, "ukuta huu ungetoa machozi juu ya kichwa cha baba." Nilitaka sakafu ile ya saruji inimeze. Kwa hiyo nilikuwa na kosa kweli, lakini siyo lile la umeme.

Mjomba Nykola akachutama, akamulika waya mwanzo hadi mwisho, akainuka akishika kiuno. "Huu hauna kitu. Panya wapo, lakini hawali hapa. Panya siyo mjinga, mkate wa miezi mitatu atavunja meno. Wanakula kitu kitamu zaidi." Akacheka peke yake. "Nani mwingine ameficha chakula? Paraska, dada yangu, hujaficha soseji?"

Alikuwa anatania. Tukageuka. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya ndoo ya lipu iliyogeuzwa, uso umepauka kuliko ukuta.

"Ukuta wa kaskazini," akasema. "Kwenye pembe, chini."

"Mama?" Orest akasema.

"Mganda wa Krismasi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Ule mganda wa ngano tunaousimamisha pembeni kwa ajili ya waliotutangulia! Baada ya sikukuu ya Epifania alituambia ameuchoma, kama inavyopasa. Hakuuchoma. Mama mdogo, ngano ile Baba Metro aliikata mwenyewe kwa mundu, vuli iliyopita, pembeni mwa shamba ambapo mashine haifiki. Ni ngano ya mwisho kuvunwa kwa mkono wake. Mama mkwe hakuweza kuitia motoni. Siku sisi tulipokuwa tumekwenda kuchukua nailoni, aliitoa pamba upande wa kaskazini, akausimamisha mganda mzima ndani ya ukuta na masuke yake yote, akairudisha pamba.

"Nilifikiri atalala," akasema, "na shamba lake liwe karibu."

Orest hakungoja. Alibomoa pembe ile kwa mapigo matatu. Panya wawili walitoka mbio wakapita juu ya kiatu cha mjomba. Na kule ndani, mama mdogo, Mungu atuhurumie: masuke yote yametafunwa, makapi yamejaa kama kitanda, na katikati ya majani yale makavu waya umechubuliwa ngozi urefu wa kiganja, shaba inang'aa. Majani yaliyoigusa yalikuwa meusi. Siyo uchafu. Yameungua.

Orest alilishika jani moja jeusi, likawa unga vidoleni mwake. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Chumba cha mtu asiyeweza kuinuka, asiyeweza kuita.

Mama mkwe hakulia alipopewa habari ya kiharusi, hakulia kwa nyumba ya wazee. Hapo akaziba mdomo kwa aproni. Na mimi, sijui ujasiri ulitoka wapi, nikapiga magoti mbele ya ile ndoo, nikamkumbatia kiunoni. Alikuwa hajawahi kuniruhusu nimguse zaidi ya shavu. Alinipapasa nywele akasema, "Wapumbavu wawili, mwanangu. Wapumbavu wawili chini ya paa moja."

Mjomba Nykola akavua kofia. "Orest," akasema, "hebu nieleze kabla sijaendelea. Tunajenga chumba cha kulala au madhabahu? Niambie mapema, maana na mimi nina sanamu ya Mtakatifu Nikola nyumbani inatafuta ukuta."

Sisi wanawake tukaanza kucheka huku tunalia. Orest alijizuia, akajizuia, mwisho akaegemea nguzo na kucheka mpaka akakaa chini. Lakini mimi bado hakunitazama.

Tulifanya kazi Jumanne hadi giza na Jumatano kutwa. Waya ule haukuungwa. Orest aliutoa wote kutoka boksi hadi boksi akapitisha mpya. Tulifunga kila tundu la chini kwa waya wa chuma ili panya asiwe na mlango. Mama mkwe alitega mitego sita, akanasa wanne. Pamba ikarudi mahali pake, barabara, hadi pembeni. Ukuta wa kitanda tuliufunga kwa ubao uleule uliokatwa. Ukuta wa kaskazini Orest aliuacha wazi kwa makusudi. Mjomba alisema tufunge, tupake rangi, mkaguzi hatajua. "Alikwisha kuutilia sahihi waya huo," akasema. "Alioutilia sahihi ni ule wa zamani," Orest akajibu. "Huu hajauona."

Jumatano jioni, tulipokuwa tunapigilia nailoni ya ukuta wa kitanda, mikono yetu ilikutana juu ya nguzo ileile. Nikamwambia nisamehe. Akanijibu, "Siku nyingine nikihesabu, nisimamishe kwenye kumi." Ndiyo hayo tu. Lakini alinitazama, mama mdogo, alinitazama kama zamani, na mimi nikapiga msumari nje ya mbao kabisa.

Alhamisi, barabara ikiwa imefunguliwa, Bwana Haugen alifika saa nne, akachomeka gari lake kwenye soketi ya nje ili injini isigande, akaingia akipangusa miguu. Akauona ukuta wazi.

"Huu niliutilia sahihi ukiwa wazi," akasema. "Mbona uko wazi tena?"

Orest akafungua mdomo, lakini mama mkwe akamtangulia. Alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa cha kanisani. Akamweleza yote, mganda, panya, waya, majani meusi, bila kupunguza neno, kisha kwa sauti ileile akamweleza na mkate wangu. Nilitaka kukimbia. Bwana Haugen alisikiliza, akavua miwani, akaipangusa.

"Miaka ishirini na miwili," akasema, "nimekuta ukutani magazeti, chupa za pombe, na mara moja meno ya bandia. Ngano ya Krismasi, bado."

Akachutama. Alimulika waya mpya kwa muda ambao mimi nilihesabu pumzi zangu. Akavuta. Akatia kidole kwenye ule waya wa chuma tuliozibia panya. Akawasha hita, taa zote, akachomeka pasi ya mama mkwe na keekee ya Orest kwa pamoja, akasimama mbele ya sanduku la umeme mikono nyuma, anaitazama breka. Dakika tano. Dakika kumi. Mjomba Nykola alisali kwa midomo, na unajua yeye na sala.

Breka ilishika.

Aliandika juu ya goti lake, taratibu, kwa herufi kubwa. "Fungeni ukuta leo, nikiwa hapa," akasema. "Nataka kuona hakuna kinachoingia."

Tuliufunga kwa vipande vya ubao wa jasi vilivyosalia, naye akasimama pale na kofia mkononi mpaka msumari wa mwisho. Kisha akampa mama mkwe hati, siyo Orest. Mjomba aliipeleka posta mwenyewe mchana huohuo kwa lori lake.

Jana tulipiga simu hospitali. Muuguzi alimwekea Baba Metro simu sikioni. Mama mkwe hakumwambia neno moja tamu, si mtu wa hayo. Alimsomea vipimo. "Mlango ni futi tatu, Metro, kiti kitapita. Dirisha linaangalia zizi. Swichi ya taa iko kulia kwako, nimemwambia Orest aiweke kulia, upande unaofanya kazi. Ukitaka giza, utazima mwenyewe." Laini yetu ya simu tunaitumia pamoja na nyumba nne, na jirani mmoja aliyekuwa akisikiliza, nafikiri Bi Hrycak, akapenga kamasi. Kutoka kwa Baba Metro hakukuja kitu ila pumzi. Mama mkwe aliisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vyema. Tunakuja," akakata.

Hizo ndizo habari zetu. Mpe baba mdogo Yarema salamu zangu, na Zenia na watoto wake, na mwambie Zenia zile shuka alizotuzawadia harusini ndizo zitakazotandikwa kwenye kitanda cha mota. Mama mkwe anakusalimu kwa jina, mara mbili alinikumbusha. Anasema anataka kujua unatia mayai mangapi katika unga ule, mkate ukae miezi mitatu ukutani na njiwa wake wasife. Mungu aliyetuchelewesha kulala akatuwahisha kuamka awalinde nanyi, awape kuni na afya, na joto lisiwatoke nyumbani.

Baba Metro tunamchukua Jumatano tarehe 23. Tutaondoka hapa Jumatatu tarehe 21, wote watatu, tupitilize Regina hadi kwako Moose Jaw, tulale kwako siku mbili, ndipo turudi kumchukua. Mama mkwe ameshapanga begi. Kwa hiyo usiniandikie, hutanikuta. Mwezi huu hautaisha kabla sijabisha mlangoni kwako, na mume wangu nyuma yangu amebeba mizigo.

Mimi mwanao, nikupendaye leo kuliko jana,
Lesia